Gari Nililonunua kwa Rusi

Katika toleo lililopita mliniacha nyuma ya bucha langu, nimeshika karatasi niliyoibandua kwenye kioo cha mbele cha gari langu. Kwenye karatasi kulikuwa na picha ya msichana anayecheka.

Wewe uliyelikuta gazeti hili kwa kinyozi na hujui habari yenyewe, nakueleza upesi. Naitwa Tsanko. Nina miaka arobaini na minne, nauza nyama hapa mjini Vratsa. Wiki nne zilizopita nilinunua gari la michezo, jekundu, milango miwili, injini iko nyuma. Limeshatumika miaka kumi na mitano, lakini likinguruma unalisikia mpaka kwenye meno. Aliyeniuzia ni kijana wa mji wa jirani, Mezdra, anayeitwa Rusi.

Wiki ya kwanza mwanamke nisiyemjua alinizaba kofi kwenye kituo cha mafuta, akaenda zake bila kusema neno. Wiki ya pili nilikuta magurudumu yote manne yamechanwa. Wiki ya tatu jiwe lilivunja dirisha la chumba chetu cha kulala, na mke wangu Vesela akafunga nguo zake kwenye sanduku.

"Chagua," aliniambia mlangoni. "Mimi, au hilo dude."

"Gari limekukosea nini?"

"Sijui limemkosea nani, Tsanko. Ila kuna mtu limemkosea."

Akaenda Lom kwa mama yake. Mimi nikashuka chini kufuta vumbi kwenye boneti. Ndiyo, nilikuwa mume wa namna hiyo.

Siwezi kuwadanganya, nililipenda. Siku za mwanzo lilikuwa linanizimikia kwenye kila taa, klachi ngumu kama kanyagio la mashine ya kusaga nyama, vijana wanapiga honi nyuma yangu na kunizomea, "Babu, shuka ukasukume!" Kiti kilikuwa chini mno hata nilionekana kama nimekaa kwenye beseni. Siku nilipokwenda machinjioni nilisahau kwamba buti iko mbele. Nikafungua nyuma, nusu nguruwe begani, nikakutana na injini. Wachinjaji walicheka mpaka wakakaa chini. Lakini asubuhi nikipanda barabara ya milimani, gia ya tatu, madirisha wazi, nilikuwa na miaka kumi na miwili tena.

Sasa turudi kwenye karatasi.

Ilikuwa tangazo la kifo, kama yale tunayobandika milangoni na kwenye nguzo za umeme. Liliandikwa: MWAKA MMOJA BILA YOANA. Miaka kumi na tisa. Chini yake jina la baba, Metodi, na kijiji chake, hapo nje ya Mezdra.

Nililikunja nikalitupa. Kesho yake nikakuta jingine. Keshokutwa matatu, yamebandikwa kwa gundi ya dukani ambayo ukiikwangua inabaki na vipande vya uso wa mtu.

Jumamosi nilifunga bucha mapema. Nikaliacha gari uani, geti wazi kidogo, nikakaa nyuma ya mlango na nyundo ya kulainishia nyama mkononi.

Saa saba mchana akaja.

Alikuwa mzee mwembamba, koti jeusi, ndoo ya gundi mkono huu, brashi mkono ule. Alilizunguka gari polepole, kama mtu anayezunguka kaburi. Akachovya brashi.

"Wewe!" nikapiga kelele. "Mwendawazimu wewe! Nimekukosea nini?"

Hakushtuka hata kidogo. Aliweka ndoo chini, akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa kipande cha bomba la chuma.

Pigo la kwanza lilipasua kioo cha mbele. La pili lilikiingiza chote ndani, juu ya viti vyangu.

Nilimrukia. Sikumbuki nyundo niliiangusha saa ngapi. Alinichapa bomba kwenye mkono, kidole changu cha mwisho kikalia kama kijiti kikavu, nikamshika koo nikamgongesha kwenye mlango wa gari. Miwani yake ikaruka. Akaning'ata sikio. Nikampiga ngumi ya tumbo, akapiga magoti. Nikampiga teke, akalala.

Hapo nilitakiwa niache.

Nilimpiga mateke matatu zaidi. La kwanza lilikuwa la kioo. La pili lilikuwa la dirisha na Vesela. La tatu halikuwa la kitu chochote. Nilimpiga kwa sababu alikuwa chini na mguu wangu ulikuwa karibu.

Mzee alitema damu na jino moja, akaniangalia.

"Endelea," akasema. "Mwanangu alikufa chini ya gari hili. Na mimi nifie pembeni yake, basi tumalizane."

Mguu wangu uliganda hewani.

"Nani alikufa chini ya gari hili?"

"Usinifanye mjinga."

"Mzee, nani?"

"Unamtupa kila asubuhi kwenye pipa la taka, halafu unaniuliza nani?"

Niliinama nimnyanyue, akanitemea usoni. Niliinama tena. Mara ya pili hakuwa na nguvu ya kukataa. Alikuwa mwepesi kama mwanakondoo. Nilimbeba mpaka ndani, nikamkalisha kwenye kiti cha Vesela nyuma ya kaunta, nikafunga ini lililogandishwa ndani ya taulo nikamwekea shavuni.

"Nilinunua wiki nne tu zilizopita," nikamwambia. "Kwa Rusi."

"Najua ulinunua kwa Rusi. Siku aliyokufa Yoana lilikuwa bluu. Amelipaka rangi, lakini sauti hajaipaka." Aliongea kwa shida, midomo imevimba. "Nilikuwa sokoni hapa Vratsa, nauza asali. Nikalisikia. Nikaangusha chupa ya asali, watu wakadhani ni jua. Hakuna gari jingine lenye sauti ile mkoa mzima. Nikawaambia watu wa kijijini kwetu; lile kofi na lile jiwe vilianzia hapo. Nilikuwa bustanini kwangu siku ile, nikasikia sauti ile ile inapita, halafu nikasikia kishindo, halafu sauti ikaendelea. Haikupungua, kijana. Iliongezeka."

"Na Rusi?"

"Mahakamani alisema gari liliibwa asubuhi hiyo. Polisi walilikuta limetelekezwa mtoni, Iskar. Hakuna aliyeona uso wa dereva. Wakamwachia." Aliitoa taulo usoni. "Yeye hakukwambia?"

Hapa ndipo pa kuungama, wasomaji wangu.

Aliniambia. Si yote. Nilipoliona gari mara ya kwanza niliona boneti ni mpya kuliko milango, na taa ya kulia si ndugu ya taa ya kushoto. Nilimuuliza, "Liligonga?" Rusi akaangalia pembeni akasema, "Mbwa." Mimi nakata mifupa kila siku tangu nina miaka kumi na minane. Najua mbwa ana mifupa kiasi gani. Nilijua mbwa hawezi kuvunja gari vile. Nikanyamaza, nikapeana naye mkono, kwa sababu nililitaka.

Nilimwambia mzee hivyo hivyo, bila kupunguza. Alinisikiliza mpaka mwisho. Nilitegemea achukue kisu kilichokuwa mezani. Alisema tu, "Angalau wewe umesema."

Kisha akasema, "Mpigie."

"Nani?"

"Rusi. Namba yake unayo. Mimi nikimpigia anakata. Nataka aniangalie machoni humu ndani, aseme tena kwamba ni mbwa."

Ningeweza kukataa. Lakini damu ya mzee yule ilikuwa kwenye kiatu changu. Nikampigia.

"Rusi, ni Tsanko wa bucha. Kuna karatasi ya kadi ya gari hujaisaini. Njoo leo, Jumatatu wataanza kukusumbua wewe kwa kodi."

"Nimeshazisaini zote, kaka."

"Moja imebaki. Dakika mbili tu."

Alipumua. "Niko njiani."

Halafu nilichukua simu ya mzee nikampigia mwanawe aje amchukue, maana mbavu zake sikuzipenda. Alibakiwa na mtoto mmoja, Lyubo, anafanya kazi kiwanda cha mbao. "Ndiye aliyenibakiza hai," mzee aliniambia. "Tangu dada yake afe hajawahi kukaa nyuma ya usukani. Kila mahali anakwenda kwa basi, au kwa miguu."

Lyubo alifika kabla ya Rusi. Kijana mkubwa, mikono kama majembe. Alipofika getini alisimama. Aliliangalia gari jekundu, akapita amebana ukuta, mgongo umegusa matofali, kama kwamba uani kuna mbwa mkali amefunguliwa.

Aliingia, akaona uso wa baba yake.

"Nani kakufanya hivi?"

"Mimi," nikasema.

Kichwa chake kilitua kwenye pua yangu hata sijafunga mdomo. Nilisikia ikivunjika. Alinishika aproni akanitupa juu ya kaunta, soseji na mizani vikaniangukia, akanifuata, akaanza kunipiga ngumi huku analia. Sijawahi kupigwa na mtu anayelia. Inauma zaidi, kwa sababu hachagui pa kupiga.

"Lyubo! Muache!" mzee akapiga kelele. "Muache, tumeshaelewana! Anatusaidia. Rusi anakuja hapa."

Ngumi ilisimama sentimita chache kutoka jichoni kwangu.

"Nani anakuja?"

"Rusi. Yuko njiani."

Sura ya kijana ilibadilika. Nimeona wanyama wengi wakiingizwa machinjioni. Kuna wakati mnyama anasikia harufu, anaelewa, miguu ya mbele inakataa. Lyubo alikuwa hivyo.

"Twende nyumbani, baba."

"Siendi popote."

"Baba, inuka. Umeumia. Twende, nakuomba."

"Mwaka mzima nimengoja kuonana naye ana kwa ana, leo unaniambia twende?"

"Atakudanganya tu! Ataongea maneno yoyote! Usimsikilize, baba, chochote atakachosema usimsikilize!"

Alimshika mkono akaanza kumvuta. Mzee akalia kwa maumivu ya mbavu. Nilijiinua kutoka chini ya kaunta, damu inaingia mdomoni, nikamwambia, "Wewe kijana, unamvunja." Hakunisikia. Alimvuta mpaka mlango wa nyuma, akaufungua.

Rusi alikuwa amesimama uani, funguo zake mkononi, anakitazama kioo kilichovunjika.

Aligeuka. Aliniona mimi na pua yangu, akamwona mzee. Lakini hakumwangalia mzee zaidi ya sekunde moja. Alimwangalia Lyubo.

"Kwa hiyo umemwambia," akasema.

Lyubo aliuachia mkono wa baba yake.

Rusi aliangalia nyuso zetu moja baada ya nyingine, akaelewa kwamba amekosea. "Hujamwambia," akasema polepole. "Mwaka mzima, Lyubo. Hujamwambia."

"Aniambie nini?" mzee akauliza.

"Funga mdomo wako," Lyubo akasema.

"Nimeufunga mwaka mzima! Mama yangu hawezi kwenda dukani! Natemewa mate kanisani! Uliniahidi mwezi mmoja tu. 'Nipe mwezi mmoja, Rusi, nitamwambia mwenyewe, la sivyo najitupa kwenye genge la mlimani.' Nikaapa uongo mahakamani kwa ajili yako, kwa sababu tulikuwa jeshini pamoja, kwa sababu wewe ni kaka yangu!"

"Lyubo," mzee akasema. "Anasema nini huyu?"

"Anasema uongo, baba."

"Sema kwamba ni mimi niliyekuwa naendesha," Rusi akamwambia. "Muangalie baba yako hapo alipo, useme. Ukisema, nitakubali. Naapa, nitakwenda polisi leo hii nikubali."

Lyubo alifungua mdomo. Nilimwona anavyojaribu. 

"Alinipungia mkono," akasema.

Sauti yake ilikuwa ndogo sana kwa mwili ule.

"Niliazima gari kwa Rusi ili niwaonyeshe. Nilitaka kupita mbele ya nyumba. Yoana akatoka getini akacheka, akakimbilia barabarani na kunipungia mkono. Nilitaka kumshtua kidogo tu, baba. Nilidhani atakaa pembeni. Yeye alidhani nitasimama."

Mzee Metodi hakupiga kelele. Alishika fremu ya mlango kwa mikono miwili.

"Hukusimama," akasema.

"Baba..."

"Nilikusikia. Niliisikia injini. Iliongezeka."

Rusi alisogea, akanyoosha mkono kumshika rafiki yake begani. Nadhani alitaka kumfariji. Nadhani hivyo mpaka leo. Lakini Lyubo alikuwa hataki kuguswa na mtu yeyote duniani. Alirudi nyuma, akagonga meza ya kukatia nyama, mkono wake ukakuta kisu changu cha kutolea mifupa, kile chembamba ninachokinoa kila asubuhi.

"Umeniua!" akamfokea Rusi. "Umeniua mbele yake!"

Nilikwenda kati yao, nimechelewa. Kisu kilimkata Rusi kiganja, akapiga kelele, akampiga Lyubo teke. Wakaangukiana mlangoni wote wawili. Niliona mkono unapanda na kushuka, mara moja tu, haraka. Halafu Lyubo akajitoa na Rusi akabaki chini, amekaa, ameshika sehemu ya juu ya paja kama mtu aliyemwagikiwa na chai.

Damu ilitoka kwa kuruka.

Mimi ni mchinjaji. Najua mshipa ule. Najua mnyama anachukua dakika ngapi. Nilijitupa sakafuni, nikachana suruali, nikaingiza gumba langu ndani ya jeraha mpaka nikausikia mshipa, ukirukaruka kama samaki, nikaubana kwenye mfupa. Kidole changu kilichovunjika kilinipigia kelele. Damu ikaacha kuruka.

"Usitingishike," nikamwambia Rusi.

"Naona baridi, kaka."

"Najua. Niangalie mimi. Mzee! Simu iko kwenye kaunta, piga mia moja na kumi na mbili! Mzee!"

Mzee hakuwa ananisikiliza. Alikuwa anamtazama mwanawe.

Lyubo alikitupa kisu. Kwenye msumari pembeni ya mlango ndipo ninapotundika funguo zangu. Alizichukua. Alitoka uani, na safari hii hakubana ukuta. Alikwenda moja kwa moja, akafungua mlango, akakaa juu ya vioo vilivyovunjika, mwaka mzima hajashika usukani.

Gari likawaka mara ya kwanza. Kwangu mimi halikuwahi kuwaka mara ya kwanza.

"Lyubo!" nikaita. "Unakwenda wapi?"

"Gengeni!" akajibu, na hakuwa ananijibu mimi.

Mzee Metodi aliachia fremu ya mlango. Alitembea ameshika mbavu nilizomvunja, bila miwani, akipapasa hewa, akifuata sauti. Alipita ubavuni mwa gari. Akafika getini, kwenye nafasi ile nyembamba kati ya kuta mbili ambayo ni gari moja tu linapita, akageuka, akasimama katikati.

"Toka, baba."

"Endesha," mzee akasema.

"Toka, nakuomba!"

"Au simama. Moja kati ya hayo mawili. Mimi sitoki."

Gari lilikuwa hatua sita kutoka nilipokuwa. Ningeweza kufika. Ningemfikia Lyubo dirishani, ningechomoa funguo. Hatua sita, na sekunde labda nne. Lakini chini ya gumba langu mshipa wa Rusi ulikuwa unagonga, unapungua, na nikiuachia kijana huyu atakufa hapa kwenye sakafu yangu kabla sijarudi. Simu ilikuwa juu ya kaunta. Wala mikono yangu si mitatu.

"Usiniachie," Rusi akanong'ona. Midomo yake ilikuwa imegeuka rangi ya mshumaa.

Nje, injini ilipanda juu, ikashuka, ikapanda tena. Nilimwona Lyubo amelaza paji la uso juu ya usukani. Nilimwona baba yake amenyoosha mikono yote miwili mbele, viganja wazi, kama mtu anayetaka kupokea mzigo.

Kisha nikasikia gia ya kwanza inaingia.

(Itaendelea.)